Nilimuuliza Mpokezi, Kisha Nikafunga Kila Kitu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uusome ujumbe huu mpaka mwisho hata ukikuchekesha, maana mimi ni mtu mzima mwenye mvi na kitambi cha kukaa kitini, na mambo ninayokuandikia ni ya vijana, ila vijana wenyewe hawayaharibu kwa ustadi kama nilivyoyaharibu mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao, zile ambazo mtu anajaza jina lake na namba ya simu halafu anabofya Tuma, na kama umewahi kubofya ukaona skrini inafifia, kiduara kinazunguka, na maandishi yanakwambia "Tafadhali subiri, tunahakiki," basi huenda ulinilaani mimi bila kunijua. Kazini wananiita Bwana Subiri kwa sababu hiyo, na nimelizoea jina hilo mpaka naliitikia.

Sasa ilikuwa hivi. Kliniki moja ya meno ilituomba ukurasa wa kuwaandikisha wagonjwa, ambapo ukishatuma fomu, kompyuta yetu inaiuliza kompyuta ya bima kama huyu mtu analipiwa, na jibu likirudi ndipo unapangiwa nafasi ya kumwona daktari, na jibu hilo siku nyingine linarudi kabla hujapepesa jicho, na siku nyingine linakwenda kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta wenzake wanacheza mpira. Mwanzoni sikuweka kizuizi chochote. Mzee mmoja aliyekuwa anaumwa na jino akaona jibu halirudi, akabofya Tuma, akabofya tena, akaendelea kubofya kama anayegonga mlango wa jirani aliyelala, na kesho yake daktari akakuta foleni nzima ya siku ni mzee yule yule, wa kung'olewa jino, na anayemfuata ni yeye, na anayemfuata ni yeye, mpaka daktari akauliza kama huyu ni mgonjwa au ni mamba.

Nikaaibika. Nikaapa haitatokea tena, nikashusha pazia: ukishabofya mara moja tu, ukurasa wote unafunikwa na rangi ya kijivu, huandiki, hufuti, husomi, hurudi nyuma, unangoja mpaka bima ijibu. Nikakunja mikono nikajiona fundi.

Haukupita muda mpokezi wa kliniki ile akapiga simu, mwanamke wa rika langu, sauti ya upole lakini haina mchezo. "Bwana fundi," akaniambia, "hapa mbele yangu kuna mtu ameshika shavu na hawezi kusema. Pazia lako limeshuka. Silioni jina lake nimwite, sioni ni dawa gani inamdhuru nimwambie daktari, na nina hakika nimekosea tarakimu moja ya namba yake ya bima lakini siwezi kuigusa. Nifanyeje, nimpepee?"

Nilimweleza kwa kirefu, mshauri, nikamweleza habari ya kubofya mara mbili, na usalama, na yule mamba, na alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akasema jambo ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. "Nimekuelewa. Lakini wewe umefunga duka zima kwa sababu mteja mmoja anasubiri chenji."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani, na asubuhi hasira ikawa imeisha maana nilijua amesema kweli, nikaenda kliniki, nikakaa nyuma ya kaunta yake nikatazama kwa macho yangu mgonjwa na mpokezi wakitazamana juu ya skrini ya kijivu kama watu waliokwama kwenye lifti. Nikaubadilisha ukurasa. Sasa ukibofya, kinacholala ni kitufe cha Tuma peke yake, ili usikibofye mara mbili, lakini kila ulichoandika unakiona na kukisoma, pembeni kuna maneno yanayokwambia "Tunaiuliza bima," jibu likichelewa yanabadilika kuwa "Bado hawajajibu, ombi lako lipo," na kando yake kuna kitufe cha Ghairi, kwa yule aliyegundua amekosea na anataka kurekebisha. Mpokezi alipoujaribu akaegemea kiti akasema sasa tunapumua, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

Nadhani umeshaona ninapoelekea. Nikaanza kupita pale kila saa kumi, wagonjwa wanapopungua, leo kukuza herufi, kesho kupunguza herufi, siku nyingine kuangalia kama rangi ya kitufe inaonekana vizuri jua likiingia dirishani, na nakuhakikishia hakuna ukurasa wa meno uliokaguliwa kama ule. Mke wangu alifariki zamani, na mpokezi naye wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa, anaishi peke yake, na ana tabia ya kufunika mdomo kwa mkono anapocheka, ingawa anafanya kazi kwa daktari wa meno na meno yake yote yako sawa. Hiyo peke yake ingenitosha.

Basi jioni moja, alipokuwa anaifunika kompyuta kwa kitambaa ili aondoke, nikasema. Hotuba nilikuwa nayo, niliitunga siku nyingi, ikayeyuka yote, kikatoka hiki: "Dada, naona mimi na wewe tungeweza kuzeeka pamoja, kama huna mpango mwingine." Ndiyo, mshauri, kama huna mpango mwingine, kana kwamba namwalika kwenye kikao.

Hakucheka. Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akasema, "Umeniuliza jambo zito. Nipe muda nilifikirie vizuri. Ila wewe endelea kupita, chai ya saa kumi ipo." Nikatoka pale natembea juu ya hewa, hata mwavuli wangu nikausahau.

Sasa hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza, au uliponiokoa, ndicho ninachotaka uniambie. Nilijiambia ombi limeshatumwa, sasa linahakikiwa, na mimi kuliko mtu yeyote najua kinachotokea mtu akikosa subira akabofya tena. Nikaona hata nikienda tu kukaa pale, uso wangu ni sawa na kubofya, chai yenyewe ni kubofya, salamu ni kubofya. Nikaacha kupita. Simu sikupiga. Mtaa ule nikiupita navuka upande wa pili, na kliniki ikihitaji fundi namtuma mwenzangu wa dawati la jirani.

Na nyumbani nimefanya hivyo hivyo. Rangi ya kupaka sebule nimeinunua lakini sijaifungua, maana pengine atapenda nyingine. Kochi lililolegea mguu nimeliegemeza kwenye ukuta, maana pengine atataka lisiwepo kabisa. Na binti yangu, ambaye amepata kazi mji mwingine na wanamtaka aripoti, nimemwambia angoje kidogo mpaka tujue nyumba hii itakuwa na nani. Binti yangu ni mpole, lakini juzi aliniuliza, "Baba, mimi nasubiri nini? Mimi sikumchumbia mtu."

Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikuwa karibu na mlango wa vioo wa ofisi yetu nikamwona mpokezi anapanda ngazi. Miguu ikaamua mambo yake, nikajikuta nimejibana nyuma ya mashine kubwa ya kuchapisha, mimi na kitambi changu, nusu yangu ikiwa imejificha na nusu ikimwomba Mungu. Mwenzangu akamwambia nimetoka. Akaweka mwavuli wangu juu ya meza. Nilimsikia vizuri, maana mashine ilikuwa imezimwa. "Mwambie, hata kama amebadili mawazo, asinyeshewe." Akashuka ngazi, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika anakokwenda.

Mwenzangu anasema hilo ndilo jibu, mwanamke akikurudishia kitu chako amekurudishia na maneno yako, nisahau. Binti yangu nikimuuliza anatikisa kichwa tu na kwenda kuosha vyombo. Mshauri, je, nimekataliwa? Nimuulize tena, au niendelee kusubiri kimya kimya? Huyu mtu namtaka kweli. Ninaogopa kubofya, na ninaogopa kutobofya, na kila saa kumi ikifika sijui niweke wapi mikono yangu.

Ni mimi,
Bwana Subiri

*

Bwana Subiri, kaka yangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikacheka ulipotarajia, na sehemu mbili tatu ambazo hukutarajia. Kompyuta mimi naijua kama ninavyomjua jirani wa ghorofa ya juu, nasikia vishindo vyake tu, kwa hiyo ukurasa wako sitaukosoa. Nitakukosoa wewe.

Rudi kwenye barua yako, pale ulipoandika alichokujibu. Umekiandika vizuri, neno kwa neno, na inaelekea aliyeandika hakusoma. Alikuomba mambo mawili. Alikuomba muda, na alikuomba uendelee kupita. La kwanza ukampa hadi likafurika, la pili ukamnyima, halafu unaniuliza kwa nini nyumba imekuwa kimya.

Hebu nikuulize na mimi: unadhani anahakiki nini? Hotuba yako iliyeyuka, ukampa mstari mmoja tena umekaa upande. Anachokihakiki ni wewe, kaka. Anataka kuona kama ukiombwa subira unanuna, kama unajua kukaa na mtu bila kumhimiza, kama yule aliyekuja kwa ajili ya herufi kubwa na herufi ndogo atakuja hata herufi zikiwa zimekaa sawa. Chai ya saa kumi ndiyo ilikuwa mahali pa kukutazamia. Wewe ukaichukua bidhaa yenyewe ukaificha, ukamwachia mizani mitupu apimie.

Sasa habari ya mwavuli. Mwambie mwenzako wa dawati la jirani abaki na kompyuta zake. Mwanamke aliyekataa angeutuma mwavuli kwa mtu, au angeuacha kwenye pembe ya kaunta mpaka msimu wa mvua upite. Huyu ameacha mapumziko yake ya mchana, amebeba mwavuli wa mwanamume hadharani, amepanda ngazi zenu kwa miguu yake, na alipoambiwa haupo, hakutukana wala hakuuliza uko wapi. Akasema usinyeshewe. Maneno ya "hata kama amebadili mawazo" hayasemwi na mtu anayekataa. Yanasemwa na mtu anayedhani amekataliwa. Tangu siku ile uliyomuuliza, yeye anangoja kukuona, na kila saa kumi anamimina kikombe kimoja. Na siku aliyojikaza akaja kutafuta jibu, jibu lilikuwa nyuma ya mashine ya kuchapisha, limevuta tumbo ndani.

Sikusemi kwa kukuchukia. Ninaijua hofu yako, na sehemu yake ni nzuri. Mtu aliyewahi kuzika mwenzake hushika kila kitu kipya kwa ncha za vidole. Hukutaka kumsumbua, hukutaka kumsukuma, na hiyo ni adabu. Wanaume wengi wanaolalamikiwa kwenye ukurasa huu laiti wangekuwa na nusu yake. Lakini adabu ikipita kiasi, mtu aliye mbali huiona kama dharau, na wewe umehakikisha yuko mbali.

Mganga hajigangi, hilo nalijua. Ila linalonishangaza ni kwamba wewe dawa ulishapewa, tena na mgonjwa wako mwenyewe. Alikwambia kwa mdomo wake umefunga duka zima kwa sababu mteja mmoja anasubiri chenji. Ukamsikiliza, ukanyenyekea, ukaenda ukatengeneza jambo ambalo hata mimi nisiyejua kompyuta nimelielewa na kulipenda: kitufe kimoja kilale, mengine yote yabaki yanaonekana, anayengoja aambiwe anangojea nini, na aliyekosea awe na njia ya kurudi. Kisha ukatoka pale, ukaenda kwenye maisha yako, ukashusha lile pazia la zamani.

Kwa hiyo kesho, si keshokutwa, saa kumi uwe pale kwenye kaunta. Usimuulize swali lako mara ya pili. Hapo uko sawa, kitufe hicho kiache kilale, amekisikia. Lakini mwambie kinachoendelea upande wako, kwa maneno mafupi, kabla chai haijapoa: kwamba ulinyamaza ukidhani unamheshimu, kumbe ulimwachia swali zito alibebe peke yake, na kwamba hujabadili mawazo. Habari ya kujificha nyuma ya mashine mwambie pia. Ndiyo, mwambie. Atafunika mdomo kwa mkono, na wewe utapata ulichokuwa unakikosa siku zote hizi.

Halafu mwachie na yeye kitufe cha Ghairi. Mwambie kwamba jibu likiwa hapana, salamu haitakatika na ukurasa wake hautaharibika usiku. Liseme hilo iwapo unalimaanisha tu, na kama humaanishi, kaa nyumbani mpaka utakapomaanisha. Jibu lenyewe siwezi kukuahidi. Mimi si bima.

Nyumbani kwako sasa. Binti yako aende kazini, tena umsindikize na mizigo yake mwenyewe umbebee, na njiani umwombe radhi. Fungua lile kopo la rangi kabla halijakauka. Rangi hupakwa juu ya rangi, hakuna mwanamke aliyekataa mume kwa ajili ya sebule. Kochi lipigie msumari. Unadhani kwa kuacha kila kitu kisimame unamwekea nafasi, lakini fikiri siku atakapoingia akakuta kochi limeegemezwa ukutani, mtoto wa watu amekosa kazi, baba wa watu hajala vizuri, vyote vinamngojea yeye aseme ndiyo. Jibu lake litakuwa bado ni la kwake kweli? Utakuwa umemtwisha nyumba nzima kichwani kabla hajaonja hata chai yako. Mtu anayefikiri vizuri anahitaji kuona kwamba hata akisema hapana, kwako moto utawaka. Hapo ndipo ndiyo yake inakuwa ya hiari, na ndiyo ya hiari ndiyo pekee inayofaa kuzeekea.

Mwenzako naye mnunulie soda. Amekudanganyia mtu mwenye heshima zake usoni, na hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kesho basi, uwe umeoga na umenyoa. Mwavuli ule ubebe hata kama mbingu iko wazi kama kioo. Kaa, kunywa, sema ulichokwenda kusema, mwulize na yeye siku yake ilikuwaje, na mgonjwa akiingia ameshika shavu, nyamaza umwachie afanye kazi yake. Wakati wa kuondoka ukifika, inuka, aga vizuri, na mwavuli usahau palepale.